Maumivu hayaishi, usingizi hauji: majibu ya barua zenu za usiku

Toleo lililopita niliandika kuhusu maumivu sugu, yani yale yanayokaa zaidi ya miezi 3 au yanayoondoka na kurudi kwa muda wote huo, nikajua mtaniuliza mambo ya mazoezi na dawa za kuchua. Kumbe hapana. Karibu barua zote zinaongelea usiku. Zingine naona kabisa zimeandikwa saa tisa usiku, sentensi moja inakimbia mpaka mwisho wa ukurasa haina nukta, na nawaelewa mana huu mwaka wa 11 mgongo wangu mwenyewe haujawahi kunyamaza kabisa. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha, ila wa maumivu jamani unakawia mno. Nimechagua barua 6. Mi ni mfiziotherapia, sio daktari wako, kwahiyo penye dawa ntakuambia cha kwenda kuuliza, sio cha kumeza.

"Dada habari za kazi. Nina miaka 41, mgongo na nyonga vinaniuma mwaka wa 4 huu. Kila daktari ninayemwona ananiambia tutulize maumivu kwanza, usingizi utakuja wenyewe. Haujaja. Naingia kitandani saa tatu usiku ili nipumzishe mwili, nalala kwenye saa sita hivi, saa nane macho makavu, najigeuza, nachezea simu mpaka saa kumi, afu nalala tena mpaka saa moja asubuhi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nifanyeje mana na dawa zenyewe nshachoka?"

Pole sana dada yangu. Nianze na hilo uliloambiwa mana ndo linaloniuma zaidi kwenye barua zenu, nimelikuta kwenye nyingi. Maumivu kwanza, usingizi utafuata. Hata mi nilipoanza kazi nilikua nawaambia watu hivohivo na nilikua nakosea. Maumivu yanaharibu usingizi, hilo kila mtu analijua, ila usingizi mbovu nao unaongeza maumivu, na tafiti zilizofuatilia watu siku hadi siku zinaonyesha hii njia ya pili ndo yenye nguvu zaidi, yani usiku mbaya unatabiri maumivu ya kesho vizuri kuliko maumivu ya mchana yanavyotabiri usiku wake. Mwaka 1975 kule Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake walichukua watu wazima wa afya, hawaumwi chochote, wakawa wanawasumbua kwa sauti kila walipozama kwenye usingizi mzito, sio kuwaamsha kabisa, kuwatoa tu kwenye ule usingizi wa ndani. Siku chache tu wale watu misuli ikaanza kuwauma, ukiwabonyeza wanaruka. Hakuna aliyebeba mzigo wala aliyeanguka. Afu 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley wakawanyima vijana wazima usingizi usiku kucha, asubuhi wakawagusisha joto mguuni huku wanapiga picha ubongo, wakaona ile sehemu inayopokea taarifa za maumivu imewaka kupita kawaida na zile sehemu zinazosaidia kuyapima na kuyapooza zimezubaa. Kwahiyo ukiamka baada ya usiku wa vipande vipande na mgongo unauma kuliko jana, usidhani pingili zimeharibika usiku. Ubongo wako umeongezewa sauti.

Ndo mana nasema usingizi unatibiwa wenyewe, sambamba na maumivu, hausubirishwi nje kama mgeni.

Sasa tuhesabu pamoja. Umeingia saa tatu, umetoka saa moja asubuhi, hayo ni masaa 10 kitandani. Umelala saa sita hadi saa nane, masaa 2, na saa kumi hadi saa moja, masaa 3. Masaa 5 kati ya 10. Nusu! Yani kila siku unakaa masaa matano kitandani uko macho na maumivu yako, na ubongo unajifunza, ushajifunza kwamba hapo ni mahali pa kukodoa macho. Nina uhakika unasinzia vizuri tu kwenye kochi jioni, ila ukigusa mto macho yanafunguka kama umeitwa jina. Sikulaumu hata kidogo. Wiki za kwanza za maumivu mwili ulihitaji kujilaza mapema, ulifanya sawa kabisa, shida ni kwamba ile desturi imebaki miaka minne na sasa yenyewe ndo inalisha tatizo.

Kuna njia iliyoandikwa na mwanasaikolojia Arthur Spielman mwaka 1987, inasikika kama ukatili, mtu halali afu unamwambia apunguze muda wa kukaa kitandani. Nisikilize lakini. Wiki 1 au 2 andika kila asubuhi, kwa kukadiria tu, umelala masaa mangapi jumla. Hiyo wastani ndo unaanzia, na usishuke chini ya masaa 5 hata iweje, mi watu wenye maumivu napenda kuwaanzishia 6 mana kuwabana sana kunawaamshia maumivu wanakata tamaa siku ya tatu. Kwahiyo wewe: kuamka ni saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, hata kama jana ilikua mbaya, hata siku ya mapumziko. Kitandani unaingia saa sita usiku. Sio kabla. Baada ya wiki ukiona unalala asilimia 85 ya muda huo, kwa masaa 6 ni kama masaa 5 na dakika 6, unaongeza dakika 15, unaingia saa sita kasoro robo. Wiki nyingine tena ukifika 85 unaongeza 15. Ukiwa chini ya hapo unabaki ulipo. Wiki mbili za kwanza ni ngumu, sikudanganyi, mchana utakua mzito na maumivu yanaweza kupanda kidogo kabla hayajashuka, na wengi wanaacha hapohapo wakati walikua karibu kabisa.

La pili linaenda na hilo, limetoka kwa Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda ni cha kulala na mambo ya mwenza, basi. Simu, hesabu za madeni, kuangalia tv, kujilaza mchana ili mgongo upoe, vyote vihame. Ukiona uko macho kwa muda unaohisi ni kama dakika 20 (usiangalie saa, saa geuza iangalie ukuta) unanyanyuka unaenda kukaa sehemu nyingine mpaka usingizi urudi. Hapa wenye maumivu mnaniambia "dada kunyanyuka kwenyewe ni vita". Najua. Andaa kiti mapema kabla hujalala, kiwe na mto wa mgongoni na kitu cha kuweka miguu, shuka ya kujifunika ipo hapohapo, taa hafifu, ili usiku ule usianze kutafuta vitu gizani. Na kama mwili kweli haukuruhusu kutoka, kaa wima kitandani, washa taa ndogo, soma kitu kisichokusisimua, ukianza kusinzia ndo ulale tena. Cha msingi uache kupigana mieleka na usingizi ukiwa umelala chali.

Ambao hili la kubana masaa wasilifanye peke yao bila mtaalamu: mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka yani baipola, anayetembea usingizini, dereva au anayeendesha mashine, na mzee anayeanguka anguka. Hao wakisinzia mchana ni hatari kweli.

Hii sio njia ya pembeni pembeni. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba kwa mtu mzima mwenye kukosa usingizi sugu, tiba ya tabia na fikra ya usingizi, ambayo hayo mawili ni uti wake wa mgongo, ndo ianze kabla ya kidonge chochote. Ila nikuambie ukweli wote, usingizi unaboreka wazi kuliko maumivu. Kwa wengi maumivu yanapungua kidogo tu, kwa wengine hayasogei kabisa ila wanasema sasa nayaweza, na mi nimeona tofauti ya mtu anayeyaweza na asiyeyaweza, ni maisha mawili tofauti.

"Shikamoo. Baba yangu ana miaka 70, magoti yamekwisha. Kila usiku anameza vidonge viwili vya maumivu vya nguvu pamoja na kidonge cha aleji, anasema kile cha aleji ndo kinamlaza. Siku hizi asubuhi anayumba na juzi aliamka akawa ananiuliza hapa ni wapi. Ndugu wanasema ni uzee."

Marahaba mdogo wangu. Msiusingizie uzee kabla ya kuangalia hiyo sahani ya vidonge. Mzee akichanganyikiwa ghafla hivo anatakiwa aonwe na daktari haraka, leo hii hii sio wiki ijayo, mana inaweza kua maambukizi au sukari au kitu kingine kabisa, na mwendapo bebeni maboksi YOTE ya dawa anazomeza, hata za kununua mwenyewe dukani.

Vidonge vya aleji vya kizazi cha zamani, klofeniramini, promethazini, difenihidramini na ndugu zao, vinalaza kweli siku za mwanzo, afu mwili unavizoea ndani ya siku chache na kinachobaki ni mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo kugoma, kuyumba na kuchanganyikiwa. Kwa mtu wa umri wa baba madaktari wa wazee wanashauri viepukwe. Nyonga ikivunjika kwa kuanguka saa kumi alfajiri akienda chooni, hayo magoti mtayasahau.

Hivyo vya maumivu geuzeni boksi msome. Vingi vinavyoitwa vya nguvu ni parasetamoli iliyoongezewa kafeini, kwa kawaida miligramu 65 kwa kidonge, akimeza viwili ni 130, anajinywesha kinachomkesha afu anatafuta kinachomlaza! Kafeini nusu yake tu ndo inatoka mwilini baada ya masaa kama 5, na kwa wazee inaweza kuchukua zaidi. Kubadilisha tu aina ya kidonge cha usiku nimeshaona kunamrudishia mtu usingizi. Angalieni pia asije akawa anameza parasetamoli ya aina mbili zenye majina tofauti, mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa siku nzima na kwa mzee mwepesi daktari anaweza kushusha chini ya hapo.

Na kama hiyo "nguvu" ni tramadoli au kodeini, yani dawa za maumivu za jamii ya mofini, hapo ndo nakuomba sana. Dawa za jamii hiyo zinapunguza kupumua usingizini, zikikutana na vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu au na pombe mtu anaweza asiamke. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo lake kali kabisa kuhusu mchanganyiko huo tarehe 31 Agosti 2016. Msimwachishe ghafla lakini, zingine zikikatwa kwa mkupuo zinaleta shida mbaya, muulizeni daktari namna ya kupunguza taratibu.

Wengine wote mnaosoma hapa, muulizeni mfamasia pia saa ya kumeza. Prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ikimezwa jioni inakodoa macho, inapaswa asubuhi. Duloksetini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa maumivu, kwa baadhi ya watu inafukuza usingizi, nayo wanaihamishia asubuhi. Amitriptilini dozi ndogo ya maumivu ya mishipa ya fahamu ni kinyume chake, ukiichelewesha mpaka saa tano usiku asubuhi yako inaliwa, wengi wanaambiwa waimeze mapema jioni masaa kadhaa kabla ya kulala. Dozi ileile, saa tofauti, matokeo tofauti kabisa.

"Dada mi kijana wa miaka 28. Kiuno kinaniamsha kila siku kwenye saa tisa saa kumi, siwezi kurudi kulala mpaka nitembee tembee. Asubuhi nimekakamaa kama ubao karibu saa zima afu nikishaanza kazi naachia. Nimeambiwa nilale chini sakafuni mana godoro laini ndo linaniumiza. Nalala chini mwezi wa tatu huu hamna kitu."

Mdogo wangu, rudi kitandani leo. Afu panga kwenda hospitali mana barua yako imenishtua kwa jinsi ulivyoieleza vizuri bila kujua.

Mgongo wa kawaida, wa misuli na kubeba vibaya, ukipumzika unapata nafuu na ukifanya kazi unauma. Wako ni kinyume. Umeanza ukiwa na umri chini ya miaka 45, unakuamsha nusu ya pili ya usiku, asubuhi umekakamaa zaidi ya nusu saa, ukitembea unaachia, ukipumzika ndo unazidi. Hiyo ni sura ya maumivu ya uvimbe wa ndani ya maungio ya kiuno, ugonjwa unaitwa spondilaitisi, na vijana wengi wanazunguka nao miaka wakiambiwa ni godoro. Siwezi kukuambia ndo huo kwa barua. Nenda umwambie daktari maneno hayohayo uliyoniandikia, uombe kupelekwa kwa bingwa wa maungio, kuna kipimo cha damu kinaitwa HLA-B27 na kuna picha ya MRI ya maungio ya nyonga na kiuno, eksirei peke yake miaka ya mwanzo inaweza kuonekana safi. Taja pia kama ushawahi kupata jicho jekundu linalouma, upele wa magamba, au tumbo la kuharisha lisiloisha, mana hao ni ndugu wa ugonjwa huo. Tiba ipo na mazoezi ni sehemu yake kubwa.

Kuhusu sakafu. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake kutoka Hispania, watu 313 wenye mgongo sugu, nusu wakapewa godoro gumu nusu godoro la ugumu wa kati, baada ya siku 90 wa godoro la kati ndo walikua na nafuu zaidi. Kwahiyo hii habari ya kitanda kigumu ndo dawa ya mgongo tuiache. Kama godoro limebonyea katikati mpaka unabingirika, badilisha ukiweza, kama huwezi ligeuze upande. Ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti, ukilala chali weka mto chini ya magoti. Nimefundisha hilo la mto kwa watu wengi na linabaki kua kitu rahisi kuliko vyote.

Na naomba nililete hapahapa mana kuna mtu anasoma na anaumwa hivi sasa: mgongo ukiambatana na miguu kukosa nguvu, ganzi kwenye mapaja ya ndani na makalio pale unapokalia, au mkojo na choo kutojizuia au kugoma, hiyo ni dharura, unaenda usiku huohuo, unaweza kubaki na ulemavu ukisubiri asubuhi. Na maumivu ya usiku yanayokuja na homa, kupungua uzito bila sababu au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, hayo usiyaite sugu mpaka daktari ayaangalie.

"Miguu yangu ikifika usiku inakua kama ina wadudu ndani, sio kuuma sana ila lazima niichezeshe, nikisimama nikatembea inatulia nikilala inaanza. Nina fibromialjia, yani ule ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Daktari ameniongezea dawa ya kulala imezidi kabisa. Ni akili yangu?"

Sio akili yako mpenzi. Hamu ya kuchezesha miguu isiyozuilika, inayoanza ukitulia, inayoisha ukitembea na kuzidi jioni na usiku, ina jina, ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, na unawapata wenye fibromialjia, wajawazito, wagonjwa wa figo na walio na upungufu wa madini ya chuma zaidi ya wengine. Omba upimwe feritini, hiyo inaonyesha akiba ya chuma, usikubali kuambiwa tu "damu iko sawa" mana damu inaweza kua sawa na akiba iko chini. Kwenye ugonjwa huu wataalamu wanafikiria kuongeza chuma hata feritini ikiwa 75 au chini yake, wakati karatasi ya maabara itakuandikia kawaida. Usijinunulie tu vidonge vya chuma bila kupima lakini.

Angalia na hiyo dawa uliyoongezewa. Amitriptilini, dawa nyingi za sonona, na vilevile vidonge vya aleji niliyoongea kwa mzee hapo juu vinaweza kuichochea miguu hii. Mwambie daktari tarehe uliyoanza dawa na tarehe ilipozidi, waziwazi.

Ni tofauti na nyayo zinazowaka moto au kuchoma choma kama sindano, ambazo hata shuka ikigusa unaruka, hizo ni mishipa ya fahamu na mtu aanze kwa kupima sukari. Na vidole gumba, shahada na cha kati vikikuamsha kwa ganzi ukakung'uta mkono ndo vikapoa, huo ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, kuna kifaa cha kufunga mkono ukiwa umenyooka usiku tu na wengi kinawatosha.

"Mume wangu alipata ajali miaka 6 iliyopita, anatumia dawa kali za maumivu. Anakoroma, kuna muda pumzi inakata kabisa mpaka namtikisa, anashtuka kama aliyekabwa. Asubuhi kichwa kinamuuma na hasira hazisemeki. Mi pia silali na nina kazi. Nikihamia chumba kingine atajua nimemwacha. Juzi alisema heri angekufa kwenye ile ajali."

Dada, sentensi yako ya mwisho ndo naanza nayo. Muulize. Mkiwa wawili, simu mbali, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua na kama ameshawaza namna. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunampa mlango wa kusema. Akikuambia ana mpango usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na hizo dawa kali kuanzia leo zikae kwako umpe dozi kwa dozi. Maumivu, kukosa usingizi na sonona vinashikana mikono, na mtu aliyekesha miaka sita anaweza kuona giza hata pale ambapo tiba ipo. Sonona yake itibiwe kama ugonjwa, sio aambiwe ajikaze.

Pumzi kukatika na kushtuka kama amekabwa, kichwa asubuhi, hasira, hiyo yote inaelekea kwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinaweza kulileta au kulizidisha. Kwahiyo daktari anayemwandikia hizo dawa LAZIMA aambiwe unachokiona usiku, na anayeona ni wewe peke yako, yeye amelala hajui. Mrekodi kwa simu dakika mbili tatu mkamwonyeshe. Kuna kipimo cha usingizi na kuna mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, aliibuni Colin Sullivan kule Australia mwaka 1981, watu wanaoizoea wanasema wamezaliwa upya. Akiwa anakunywa pombe ili alale, hiyo iishe kabisa.

La chumba. Likishashughulikiwa la pumzi, hama hata usiku mbili tatu kwa wiki bila kujisikia vibaya, ila usihame kimya kimya. Mwambie mchana, sio katikati ya ugomvi wa saa nane usiku: nahama nilale ili kesho niwe na nguvu za kuwa na wewe. Lala naye mpaka asinzie afu ndo utoke, wapo wanaofanya hivo na ndoa iko imara. Anayemtunza mgonjwa naye ana mwili, na mwili wako ukizima nyumba nzima inazima.

"Nshafuata ushauri wote, naamka saa moja, simu sina chumbani. Kuna usiku maumivu yanapanda tu yenyewe. We dada na mgongo wako huo usiku unafanyaje? Nataka kujua wewe, sio kitabu."

Sawa, nikuambie mimi.

Kwanza mara nyingi najua umetoka wapi. Siku ambayo mgongo umeniachia nafurahi, nafua, nahamisha makabati, nasimama masaa, nalipa siku mbili. Siku hizi nagawa. Nusu saa kazi, nakaa dakika kumi, hata kama bado nina nguvu, hasa kama bado nina nguvu. Hilo limenipunguzia usiku mbaya kuliko dawa yoyote niliyowahi kutumia na lilinichukua miaka kulikubali, mana kuacha kazi katikati wakati unaweza kuimaliza inauma moyo.

Ila kuna usiku haujatokana na chochote. Jioni kama nimehisi unakuja, naoga maji ya moto lisaa limoja na nusu hivi kabla ya kulala, sio dakika ya mwisho, mana mwili unasinzia pale joto linaposhuka baada ya kuoga. Dawa yangu niliyoandikiwa nameza kwa saa yake, sisubiri mpaka nilie.

Nikiamka, siulizi ni saa ngapi. Zamani nilikua naanza hesabu, yamebaki masaa manne, matatu, kesho nitafanyaje kazi, na ile hesabu inanikaza mabega kuliko mgongo wenyewe. Nageuka upande, naweka mto magotini, navuta pumzi polepole ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuingiza, kama mara kumi na tano. Siyasukumi maumivu, nayaangalia tu yako wapi, yanaanzia wapi yanaishia wapi, mana nikiyasukuma yanajibu. Kama baada ya hapo bado, nanyanyuka kwa ubavu, miguu chini kwanza, naenda kwenye kiti changu. Chupa ya maji ya moto nimeifunga taulo nimeiacha hapo tangu jioni. Nasikiliza kitu kwa sauti ya chini, mtu anaongea polepole tu, taa sizimi wala siwashi kubwa. Kuna siku nalia kidogo hapo kitini, na siku hizi najiruhusu.

Kichwa kikianguka anguka narudi kitandani. Mara nyingine narudi baada ya nusu saa, mara nyingine masaa mawili, kuna usiku sirudi kabisa. Saa kumi na mbili naamka kama kawaida hata kama nimelala masaa matatu, nafungua pazia, natembea dakika kumi nje kwenye mwanga. Mchana nikizidiwa nalala dakika 20 na kengele nimeweka, kabla ya saa tisa alasiri, kwenye kochi. Gari siku hiyo siendeshi. Na namwambia mtu mmoja nyumbani kwamba jana sikulala, ili jioni asinione nimenuna akadhani ni yeye.